Kutoka Maiti hadi Picha: Historia ya Viashiria vya Amiloidi katika Utambuzi wa Ugonjwa wa Alzheimer, 1906–2023

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya dawa za kupigia picha ubongo zinazotumika katika kutathmini ugonjwa wa Alzheimer, kuanzia rangi za viwandani za karne ya 19 hadi viashiria vyenye mionzi vilivyoidhinishwa nchini Marekani tangu mwaka 2012. Makala inajenga hoja kwamba kwa muda mrefu ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mashahidi wawili waliotenganishwa na kifo: mwenendo wa mgonjwa alipokuwa hai, na mabaka yaliyoonekana katika ubongo wake alipokwisha kufa. Viashiria vya amiloidi vilimleta shahidi wa pili barazani wakati mgonjwa angali hai. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mashahidi hao wawili hawakubaliani daima. Mabishano kuhusu idhini, malipo na maana ya ugonjwa wenyewe yalichipuka kutokana na tofauti hiyo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Novemba 1901, mwanamke mwenye umri wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake. Alipoulizwa jina lake, alijibu Auguste. Alipoulizwa jina la ukoo, alijibu Auguste. Alipoulizwa jina la mumewe, alisitasita, kisha akalitaja tena jina lake mwenyewe. Deter alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alikwisha kuhamia Munich, na ubongo wa marehemu ukapelekwa kwake. Kwa kutumia rangi ya fedha na hadubini, aliona mambo mawili: mafundo ya nyuzi ndani ya seli za neva, na mabaka ya kitu kisichojulikana yaliyotapakaa katika gamba la ubongo. Aliwasilisha matokeo hayo mjini Tübingen tarehe 3 Novemba 1906. Mwaka 1910, Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba ya akili.

Tukio hilo liliweka utaratibu uliodumu takribani karne nzima. Daktari aliyekaa na mgonjwa aliweza kushuku tu. Mwenye kauli ya mwisho alikuwa mtaalamu wa maiti. Hata vigezo vya utambuzi vilivyochapishwa Marekani mwaka 1984 viliuhifadhi utaratibu huo: mgonjwa aliye hai aliweza kusemwa kuwa huenda ana Alzheimer, lakini uhakika ulihitaji kipande cha ubongo wake chini ya hadubini. Familia nyingi zilipata jibu wakati lilipokuwa halina tena mtu wa kumfaa.

Historia ya viashiria vya amiloidi ni historia ya juhudi za kulipata jibu hilo mapema. Mara nyingi husimuliwa kama maendeleo ya teknolojia, hatua moja baada ya nyingine. Makala hii inaitazama kwa jicho tofauti: inauliza kila kiashiria kiliweza kujibu swali gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kuamua maana ya jibu hilo.

2.0 Rangi za Viwandani na Ubongo wa Marehemu

Neno amiloidi lina asili ya kosa. Mwaka 1854 Rudolf Virchow aliona vitu katika ubongo vilivyobadilika rangi vilipotiwa madini ya joto na asidi ya salfa, kama wanga unavyofanya, naye akavipa jina lenye maana ya kitu kinachofanana na wanga. Mwaka 1859 Nikolaus Friedreich na August Kekulé walionesha kwamba amiloidi iko karibu zaidi na protini. Jina hata hivyo halikubadilishwa.

Rangi iliyokuja kuwa kipimo kikuu cha amiloidi haikutengenezwa kwa ajili ya tiba. Mwaka 1883 mkemia Paul Böttiger, aliyefanya kazi katika kampuni ya Bayer, alitengeneza rangi nyekundu iliyoweza kushika kwenye pamba bila dawa ya kushikisha rangi. Hataza aliiandikisha kwa jina lake, kisha akaiuza kwa kampuni ya AGFA ya Berlin, iliyoiingiza sokoni mwaka 1885 kwa jina la Nyekundu ya Kongo. Hakuna chochote ndani ya rangi hiyo kilichotoka Kongo. Mkutano wa Berlin, ambamo mataifa ya Ulaya yalijadili bonde la mto Kongo na masharti ya kuitwaa Afrika, ulifanyika kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, na magazeti ya mji huo yalijaa habari za Kongo. Daktari David Steensma, katika makala yake ya mwaka 2001 kuhusu asili ya rangi hiyo, ameeleza kwamba jina lilichaguliwa kwa sababu za kibiashara, kutokana na umaarufu wa neno hilo wakati ule. Hivyo, jina la nchi iliyokuwa ikikabidhiwa kwa Mfalme Leopold wa Pili liliingia katika msamiati wa tiba kwa mlango wa duka la nguo.

Mwaka 1922 Hans Hermann Bennhold aligundua kwamba Nyekundu ya Kongo hushikamana na amiloidi. Aliidunga katika mishipa ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na amiloidi mwilini na kupima kasi ya kupotea kwake katika damu. Kwa mantiki, hiki kilikuwa tayari kiashiria: kitu kinachodungwa kwa mtu aliye hai ili kikatafute amiloidi kwa niaba ya daktari. Mwaka 1927 Paul Divry wa Liège, Ubelgiji, aliitumia rangi hiyo kwenye vipande vya ubongo wa wazee, akaona kwamba mabaka yaligeuka rangi ya kijani chini ya mwanga wa hadubini uliochujwa ili mawimbi yake yaelekee upande mmoja. Kwa uchunguzi huo, mabaka ya Alzheimer yaliunganishwa na amiloidi. Kundi la pili la rangi, linaloitwa thioflavini, lilifuata: mwaka 1959 Vassar na Culling walionesha kwamba thioflavini T huifanya amiloidi ing'ae.

Rangi zote hizo zilikuwa na kasoro moja. Zilishika mabaka ya ubongo uliokatwa vipande, lakini zikidungwa katika damu hazikuweza kuufikia ubongo ulio hai. Kati ya damu na ubongo pana kizuizi cha seli zilizobanana, kinachopitisha kwa urahisi molekuli ndogo, zisizo na chaji na zinazoyeyuka katika mafuta. Nyekundu ya Kongo ni molekuli kubwa yenye chaji hasi mbili; thioflavini T ina chaji chanya. Swali la wanakemia likawa jinsi ya kuivua rangi chaji yake bila kuiondolea uwezo wa kuitambua amiloidi.

3.0 Ubongo Unaopungukiwa Sukari

Kabla ya swali hilo kujibiwa, njia nyingine ilifunguka. Mwezi Agosti 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu wawili walidungwa kwa mara ya kwanza glukosi iliyobadilishwa na kutiwa florini 18, iliyotengenezwa katika maabara ya Brookhaven. Seli huipokea kama sukari ya kawaida, lakini haziwezi kuimaliza, hivyo hubaki ndani yake ikitoa mionzi inayoonesha mahali penye kazi nyingi. Kuanzia miaka ya 1980, picha za aina hii zilionesha kwamba wagonjwa wengi wa Alzheimer hutumia sukari kidogo katika maeneo ya pembeni na ya juu-nyuma ya gamba la ubongo.

Kiashiria hiki kilijibu swali la kazi: sehemu ipi ya ubongo imelegea? Hakikuweza kusema kilichoilegeza. Mwaka 2004 bima ya afya ya wazee nchini Marekani, Medicare, ilikubali kukilipia kwa matumizi finyu, hasa kutofautisha Alzheimer na ugonjwa unaodhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo. Umuhimu wake katika historia hii ni kwamba kilikuwa karibu zaidi na shahidi wa kwanza, yaani mwenendo wa mgonjwa. Mgonjwa alipozidi kudhoofika, picha nayo ilizidi kufifia.

4.0 Pittsburgh na Uppsala, 2002–2008

Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong walitenga protini inayojenga amiloidi ya Alzheimer, ambayo baadaye iliitwa beta-amiloidi. Ugunduzi huo uliwapa watafiti shabaha iliyo wazi. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, daktari William Klunk na mkemia Chester Mathis walianza na jamaa za Nyekundu ya Kongo, kisha wakahamia thioflavini. Waliondoa kikundi cha methili kilichoipa thioflavini T chaji yake. Molekuli iliyopatikana haikuwa na chaji, ilipita katika kizuizi cha ubongo, na ikaendelea kushikamana na amiloidi. Baada ya marekebisho zaidi, waliitia kaboni 11.

Mtu wa kwanza kudungwa kiashiria hicho alikuwa mgonjwa wa Uppsala, Sweden, mwezi Februari 2002, chini ya ushirikiano na kundi la Agneta Nordberg, Bengt Långström na Henry Engler. Watafiti wa Uppsala ndio walioipa molekuli hiyo jina la Kiwanja B cha Pittsburgh. Mwaka huohuo, kundi la Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles lilichapisha picha za kiashiria kingine, FDDNP, kilichoshika mabaka na mafundo kwa pamoja. Makala ya Klunk na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2004, ilihusisha wagonjwa 16 wenye Alzheimer nyepesi na watu 9 wa kulinganishia. Katika gamba la mbele la ubongo, kiashiria kilibaki kwa wagonjwa mara 1.94 zaidi ya walivyokuwa wale wengine. Mwaka 2008 Milos Ikonomovic na wenzake walilinganisha picha ya mgonjwa mmoja na ubongo wake baada ya kufa, wakakuta kwamba maeneo yaliyong'aa katika picha ndiyo yaliyokuwa na mabaka.

Jambo lenye uzito zaidi, hata hivyo, lilijitokeza wagonjwa wa Uppsala walipofuatiliwa. Baada ya takribani miaka miwili, kiasi cha kiashiria cha amiloidi katika ubongo wao kwa jumla hakikubadilika sana, ilhali matumizi ya sukari yalipungua zaidi. Mgonjwa aliweza kuendelea kupoteza kumbukumbu huku picha ya mabaka ikibaki vilevile. Upande wa pili, tafiti za wazee wasio na dalili zilionesha kwamba baadhi yao walikuwa na mabaka mengi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba miongoni mwa watu wenye akili timamu, walio na amiloidi ni asilimia 10 katika umri wa miaka 50 na asilimia 44 katika umri wa miaka 90. Jambo hilo halikuwa geni kwa wataalamu wa maiti, ambao kwa miongo mingi walikuwa wameona mabaka katika ubongo wa wazee waliokufa bila kusahaulika mambo yao. Lakini maiti haulizi matokeo yake yana maana gani. Mtu aliye hai huuliza.

5.0 Mbele ya Wasimamizi wa Dawa, 2011–2012

Kaboni 11 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hiyo kiashiria cha Pittsburgh kiliweza kutumika tu katika vituo vyenye saiklotroni yao wenyewe. Florini 18 hupungua kwa nusu baada ya dakika 110, muda unaotosha kukitengeneza kiashiria katika mji mmoja na kukidunga katika mji mwingine. Tofauti hiyo ya dakika ndiyo iliyogeuza chombo cha utafiti kuwa bidhaa. Kampuni ya Avid ya Philadelphia ilitengeneza florbetapiri, nayo Avid ikanunuliwa na Eli Lilly mwaka 2010.

Ili kuthibitisha kiashiria, watafiti walirudi kwa hakimu yuleyule wa zamani. Wagonjwa waliokaribia mwisho wa maisha walikubali kupigwa picha na kuruhusu ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Katika matokeo yaliyochapishwa Januari 2011, picha na uchunguzi wa maiti vilikubaliana kwa asilimia 96 ya watu 29. Hata hivyo, katika kikao cha mwezi huohuo, kamati ya washauri ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipiga kura 13 dhidi ya 3 kukataa idhini ya papo kwa papo. Kisha ikakubali kwa kauli moja, kura 16, kwamba idhini itolewe endapo kampuni itaandaa mafunzo ya wasomaji wa picha.

Kiini cha wasiwasi huo kinastahili kuelezwa. Florbetapiri hubaki pia katika sehemu nyeupe ya ubongo ya kila mtu, awe mzima au mgonjwa. Msomaji hatafuti mwanga peke yake. Hutazama mpaka kati ya sehemu nyeupe na gamba la kijivu. Mpaka ukiwa dhahiri, picha husomwa kuwa hasi. Ukififia, kwa sababu gamba nalo limeshika kiashiria, picha husomwa kuwa chanya. Kamati iliona kwamba wasomaji mbalimbali hawakusoma picha kwa namna moja. Kwa hiyo kizuizi cha mwisho kilikuwa jicho la binadamu, wala si kemia.

Florbetapiri iliidhinishwa mwezi Aprili 2012. Flutemetamoli ilifuata mwaka 2013 na florbetabeni mwaka 2014. Maelezo rasmi ya dawa yalibeba tahadhari yenye uzito: picha hasi hupunguza uwezekano kwamba usahaulifu wa mgonjwa unatokana na Alzheimer; picha chanya peke yake haithibitishi ugonjwa huo. Msimamizi wa dawa aliidhinisha ushahidi kuhusu mabaka, akaacha hukumu kuhusu mtu mikononi mwa daktari.

6.0 Swali la Malipo, 2013–2023

Mwezi Septemba 2013 Medicare iliamua kutolipia picha za amiloidi, isipokuwa ndani ya tafiti zilizokubaliwa, tena mara moja tu kwa kila mgonjwa. Hoja yake haikuwa kwamba picha zinasema uongo. Iliuliza kama kuyajua mabaka kunamfaa mgonjwa, ilhali wakati huo hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kuyaondoa.

Utafiti mkubwa ulioitwa IDEAS, ulioanza mwaka 2016, ulikusudiwa kujibu hoja hiyo. Matokeo ya mwaka 2019, yaliyoongozwa na Gil Rabinovici, yalihusisha watu 11,409. Mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 60.2 ya wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu na kwa asilimia 63.5 ya wenye demensia. Robo ya washiriki wote waliondolewa katika kundi la Alzheimer baada ya picha, na asilimia 10.5 waliingizwa humo. Takwimu hizi zinaonesha jinsi utambuzi wa kliniki pekee ulivyokuwa ukikosea. Hata hivyo, kubadilika kwa mpango wa daktari ni jambo moja. Kupata nafuu kwa mgonjwa ni jambo jingine.

Lililomaliza mgogoro lilitoka nje ya picha zenyewe. Majaribio ya awali ya dawa za kuondoa amiloidi, kama bapinezumabu, yalikuwa yamegundua kwamba baadhi ya washiriki hawakuwa na amiloidi hata kidogo. Walikuwa wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Tangu hapo picha ikawa sharti la kuingia katika majaribio. Lekanemabu ilipopata idhini kamili mwezi Julai 2023, matumizi yake yalihitaji uthibitisho wa amiloidi. Mwezi Oktoba mwaka huo Medicare iliondoa kizuizi chake. Kiashiria kilipata thamani ya malipo pale tu kilipopata dawa ya kukifuata.

7.0 Waliokosekana katika Picha

Ushahidi huu wote una mpaka. Washiriki wengi mno wa IDEAS walikuwa Wazungu. Kwa sababu hiyo utafiti wa pili ulioanza mwaka 2020 ulipangwa kuandikisha watu 7,000, wakiwemo angalau Wamarekani Weusi 2,000 na watu 2,000 wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Barani Afrika maarifa kuhusu demensia yamejengwa zaidi kwa shahidi wa kwanza. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Makadirio hayo yalipatikana kwa maswali, mazungumzo na jamaa, na tathmini ya daktari. Hakuna picha ya amiloidi iliyohitajika ili kubaini kwamba wazee hao walikuwa wakipoteza uwezo wao. Kile ambacho maswali peke yake hayawezi kukitenganisha ni wangapi miongoni mwao walikuwa na mabaka na wangapi waliathiriwa na kiharusi au sababu nyingine.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba viashiria vya amiloidi vilirithi swali la rangi zilizovizaa. Nyekundu ya Kongo na thioflavini zilijibu kama mabaka yapo. Warithi wao wenye mionzi hujibu hilohilo, ila wanalijibu mgonjwa akiwa hai. Hata flortausipiri, kiashiria cha mafundo kilichoidhinishwa mwaka 2020 na ambacho ramani yake hulandana zaidi na dalili, bado huonesha kitu kilichomo ubongoni.

Mgogoro umehamia katika maana ya ugonjwa wenyewe. Mwongozo wa utafiti wa mwaka 2018, ulioongozwa na Clifford Jack, uliufafanua ugonjwa wa Alzheimer kwa alama za kibiolojia, mtu awe na dalili au asiwe nazo. Mwaka 2021 kundi la kimataifa lililoongozwa na Bruno Dubois lilipinga, likasisitiza kwamba utambuzi uwahusu wenye dalili pia. Kwa mtazamo wa kwanza, mzee wa miaka 80 mwenye mabaka na kumbukumbu safi ni mgonjwa. Kwa mtazamo wa pili, yumo hatarini tu. Uamuzi huo hauwezi kusomwa katika picha, kwa kuwa unahusu uzito anaopewa kila shahidi.

Kuhusu hilo, kumbukumbu za Auguste Deter zina funzo. Faili lake, lenye majibu yake na jina lake alilojaribu kuliandika kwa mkono wake, lilipatikana Frankfurt mwaka 1995. Vioo vyenye vipande vya ubongo wake vilipatikana Munich katika muongo huohuo. Ugonjwa wa Alzheimer ulipata jina kwa sababu vitu hivyo viwili viliwekwa pamoja na kusomwa pamoja. Kiashiria kimeondoa kifo kati yao. Kazi ya kuvisoma kwa pamoja imebaki palepale.